Mvinyo wa Sir Lefteri

Sauti ya Nalubega iliingia kwenye simu yangu Jumanne asubuhi, nikiwa nachambua maharage. Mwanzo wote alikuwa anasalimia tu, maana Waganda hawana haraka na salamu: akaniuliza mvua, akaniuliza mbuzi, akaniuliza mguu wangu wa kushoto, halafu ndipo akasema kwamba Sir Lefteri amefariki kwao Ugiriki, nyumbani kwa dada yake, na wameshamzika. Akamalizia hivi, akiniita nyabo, yaani mama kwa Kiganda: "Nyabo, najua wewe ndiye utalia, ndiyo maana nimekwambia wewe kwanza." Sikulia. Nilimaliza maharage, nikayaosha, nikayainjika, nikarudi kukaa. Na kilichonijia puani hakikuwa moshi wala maharage. Ilikuwa harufu ya kile chumba cha baridi nyuma ya jiko la hoteli, kule Jumeirah Lake Towers, Dubai: mbao, kizibo kilicholowa, na kitu kama jiwe. Nilivuta pumzi mara ya pili ili niipate tena, ikawa imekwenda.

Wanaoandika habari za maisha yao huanza na baba na ng'ombe wa babu. Mimi hao nitawaacha walale. Nitasema mwaka mmoja tu, wa 2014. Nilikuwa na miaka arobaini na nane, mjane, nimeishia darasa la nne, na wajukuu wawili tayari. Wengine ujana huwajia wakiwa na miaka kumi na minane. Mimi wangu ulichelewa, ukanikuta Dubai na mikono imekunjamana kwa maji ya moto. Kazi yangu ilikuwa glasi. Si sahani, si sufuria, glasi tu. Mashine inaziosha, mimi nazipitisha juu ya mvuke, kisha nazifuta kwa mataulo mawili, moja kila mkono, kwa sababu ukiacha alama ya kidole supavaiza anaiinua kwenye taa na kukuonyesha kama amekuta jino la mtu. Tulilala Al Barsha, wanawake wanane chumba kimoja, vitanda vya ghorofa, na basi la kampuni lilituchukua na kuturudisha. Nalubega alilala juu yangu. Alikuwa wa Masaka, ameokoka, anaosha na kupanga sahani hotelini na kufagia ofisi za wakubwa, na hakuna neno lililosemwa katika hoteli ile ambalo halikupitia kwenye sikio lake kwanza.

Mgahawa wetu ulikuwa wa Kigiriki, na Sir Lefteri ndiye aliyekuwa mtu wa mvinyo. Mrefu, mabega yameinama, nyusi kama brashi ya viatu, shati limepigwa pasi na mwanamume asiyejua pasi. Wagiriki mimi nilikuwa nawajua kwa kahawa, kwa sababu zamani walikuwa na mashamba kwetu Moshi, kwa hiyo siku ya kwanza nilimwuliza kahawa yake iko wapi. Akasema kahawa ipo jikoni, yeye ameletwa kwa ajili ya mvinyo. Kiingereza chake kilikuwa kibovu na changu kibovu zaidi, basi tukaelewana vizuri kuliko watu wenye lugha.

Ilianza na meza ya nane. Glasi zao zilirudi nusu hazijanywewa, na mimi nikazinusa kabla ya kumwaga. Mwanamke aliyelelewa kwenye mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, hamwagi kitu asichokinusa. Nikamwambia Nalubega, hawa watu wa meza ya nane wameuziwa gunia bichi lililolala kwenye sakafu ya simenti. Akacheka mpaka akashika ukuta. Sir Lefteri alikuwa anapita, akauliza kinachochekesha, na Nalubega kwa vile hana breki akamtafsiria. Yule bwana hakucheka. Alichukua glasi, akanusa, akatoka mbio kwenda ukumbini, akarudi na chupa ya meza ya nane kwapani. Kizibo kilikuwa kimeiharibu. Aliniuliza nani amenifundisha. Nikamwambia mama yangu. Akauliza mama alikuwa anafanya kazi wapi, hoteli gani. Nikamwambia, nyuma ya nyumba.

Tangu hapo, kila siku saa tisa alasiri, ukumbi ukiwa mtupu na viti vimegeuziwa migongo, aliniita kwenye kile chumba. Chumba chenyewe kidogo kama stoo, chupa zimelala kwenye mbao kama wanafunzi bwenini, na katikati kreti mbili za kukalia. Anamimina kiasi cha kujaza kifuniko cha soda, anasema, "Kiria Ndeshi, unasikia nini?" Kiria kwao ni mama wa heshima. Hoteli nzima iliniita Mama, hata wazee kuliko mimi: Mama lete, Mama toa, yalla, haraka Mama. Yeye peke yake alikuwa na Kiria, na jina langu nyuma yake. Mvinyo mweupe wa kisiwa kimoja nilimwambia unanuka jiwe la kusagia ambalo mtu amelisugua kwa limau na chumvi. Aliliandika neno hilo kwenye daftari lake. Akanieleza kwamba mlima ulilipuka kisiwani pale zamani za kale, udongo ni majivu matupu na upepo ni adui, kwa hiyo mizabibu hawaisimamishi. Wanaisuka chini, mviringo, kama kikapu, na zabibu zinakaa ndani kama mayai kwenye kiota. Niliuliza nani wanaisuka. Akasema wazee, na wanakwisha.

Mwekundu wa kaskazini jina lake lilinitesa ulimi, ksinomavro, maana yake mchachu mweusi. Ule ulikuwa na ladha ya nyanya zilizoanikwa, na ngozi ya mkanda mpya, na ukali fulani. Nilimwambia huu ni kama mkwe: siku ya kwanza humpendi, siku ya tatu unamtetea mbele za watu. Hilo nalo aliliandika, ila kwanza ilibidi aende akanawe uso kwa kucheka. Tuligombana kwenye jambo moja tu. Aliniletea ndoo ndogo ya fedha, akaniambia nikishaonja niteme, wataalamu wote hutema. Nikamwambia kwetu ukitema kinywaji mbele ya aliyekupa, umemlaani yeye na waliomzaa. Akasema hatalaanika, ameruhusu. Nikasema si yeye wa kuruhusu. Basi akatema yeye, nikameza mimi, na akapunguza kipimo mpaka ikawa nalamba glasi.

Chakula pia. Wafanyakazi tulikula wali na dengu kila siku ya Mungu, na Nalubega alikuwa na kopo lake la dagaa wa ziwani, mukene, waliokaangwa wakakauka. Siku moja Sir Lefteri alisikia harufu, akaja na chupa ya ule mweupe wa majivu, akaomba samaki watatu kama mtu anayeomba kiberiti. Alitafuna, akanywa, akafumba macho. Nilidhani mwiba. Akasema wageni ukumbini wanakula pweza wa bei mbaya na mvinyo huu, na hakuna aliyewahi kuupatia chakula chake namna hii. Akamsukumia Nalubega glasi aonje ushuhuda wake mwenyewe. Nalubega akaishika kwa vidole viwili, mbali na mwili, kama mtu aliyebebeshwa mtoto aliyejikojolea. "Yesu aligeuza maji, mimi naosha," akasema. "Kila mtu na wito wake."

Uliobaki mwisho ulikuwa ule wenye utomvu. Aliuchelewesha miezi, na alipoutoa aliutoa kwa aibu, kama mtu anayekuonyesha ndugu mlevi. Alisema hawa watu wa mvinyo duniani wakisikia Ugiriki wanaukumbuka huu tu: likizo, jua, kichwa kuuma. Wafaransa wana heshima, Waitaliano wana heshima, lakini kwao, ambako watu walikunywa mvinyo kabla ya hao wote kujua kukamua zabibu, kuna kicheko tu. Zamani walipaka utomvu wa msonobari kwenye mitungi ili kinywaji kisiharibike. Ladha ikabaki, wenyewe wakaipenda, wageni wakawacheka. Nikaonja. Nikaanza kucheka mimi, na nikaona uso wake unaanguka, kwa hiyo nikamshika mkono haraka. Nikamwambia kwetu mbege tunaitia gome la mti, msesewe, chungu kama kwinini, na watu wa mabondeni hututemea mate kwa hilo, na mbege isiyo na msesewe ni uji wenye kiburi. Mti haukuingia kwa bahati mbaya, nikamwambia. Mti ndio unaosema kinywaji ni cha nani. Alikaa kwenye kreti. Hakuandika kitu siku hiyo.

Mjukuu wangu mkubwa sasa anasomea hoteli hapa Moshi, wa kwanza darasani, na ninasema hivyo kwa sababu ni kweli. Juzi alinisomea kitabu chake cha vinywaji. Wafaransa wamepewa sura yao nzima na ramani. Wagiriki wamepewa mistari minne, na mmoja katika hiyo ni wa dharau. Nilimwambia afunge. Akaniuliza, bibi, kwani wewe unajua nini kuhusu mvinyo wa Ugiriki? Nikamwambia nilikuwa nafuta glasi.

Sasa lile lililotuharibia. Meneja mkuu, sisi tulimwita arbab, yaani bwana mwenye mali, akiwa hasikii, alichoka na ukurasa wa mvinyo wa Kigiriki kwenye menyu. Wageni waliuruka wakaenda kwenye ukurasa wa Wafaransa. Alimwambia Sir Lefteri kwamba anamleta mzee mmoja Mwingereza, mwalimu wa watu wa mvinyo katika mahoteli, ambaye neno lake likisemwa hapa linasikika hadi Abu Dhabi. Atakula chakula cha mchana Ijumaa na wageni wengine. Akiridhika, ukurasa unabaki. Asiporidhika, khalas, ukurasa unatoka, na Sir Lefteri anatoka nao, kwa sababu aliajiriwa kwa ukurasa huo. Wiki ile hakula. Alipanga chupa, akapangua, akaniuliza ule wenye utomvu auingize au auache. Nikamwambia auingize. Nalisema hili wazi: mimi ndiye niliyesema auingize.

Ijumaa mhudumu wake, kijana wa Kisumu, alipasua glasi mkononi wakati wa samaki, ikabidi ashonwe. Sir Lefteri alikuja kwenye meza yangu ya glasi jasho likimtoka. Akanivua aproni mwenyewe, akanipa chupa ya ule wenye utomvu, akasema niibebe tu mpaka meza ya arbab, yeye anakuja nyuma yangu na glasi safi, yeye atamimina. Nilitembea. Ukumbi wote jua, vitambaa vyeupe, ziwa lao la kuchimbwa linameremeta nje ya kioo. Nilifika kabla yake. Na yule mzee Mwingereza, nywele nyeupe, mikono ina mabaka kama ya baba mkwe wangu, aliinua glasi yake tupu akaninyooshea. Mzee. Chombo kitupu. Mimi nimeshika kinywaji. Kwetu mwanamke anayemletea mzee pombe huonja yeye kwanza, mbele yake, ili aone kwamba haikutiwa sumu, kisha ndipo humpa. Nimefanya hivyo tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Sikuamua. Nilichukua glasi mkononi mwake, nikamimina kidogo, nikanywa, nikangoja kidogo kama inavyopasa, nikamimina tena kwenye glasi hiyo hiyo, nikampa kwa mikono miwili na goti limekunjwa.

Arbab alikuwa amesimama, shingo imevimba. Mwanamke mmoja alishika mdomo wake. Sir Lefteri alifika na glasi zake, akatazama, na akaelewa mara moja, kwa sababu nilishamsimulia desturi hiyo. Hakuomba radhi. Nataka hilo liandikwe: hakuomba radhi. Aliwaambia kwa Kiingereza chake kilichovunjika kwamba bibi huyu amemwekea mzee dhamana kwa uhai wake mwenyewe, na kwamba heshima hiyo haiuzwi katika hoteli hii wala nyingine. Yule mzee akanigeukia mimi, si yeye, akaniuliza nimeonja nini. Nikamwambia, "Mti, sir. Mti umebeba mvinyo mgongoni, kama mama na mtoto. Ukimtafuta mtoto kwanza, humwoni. Msalimie mama." Alikunywa. Akanywa tena, kisha akaninyooshea glasi niongeze. Alisema miaka mingi amekuwa akiunywa mvinyo huo kama utani. Watu wa meza za jirani wakapiga makofi, simu zikainuka kupiga picha, na mimi nikarudi kwenye glasi zangu nikiamini tumeshinda.

Jumapili Nalubega alikuja kitandani kwangu Al Barsha bado na sare ya kazi, akafunga pazia la kanga nililotundika, akanong'ona. Alikuwa anafagia ofisi ya arbab, na mlango wa ndani ulikuwa wazi. Arbab alimwambia Sir Lefteri kwamba mzee ameridhika kupita kiasi, ukurasa unabaki, tena utaongezwa. Sharti moja. Yule Mama avishwe kitenge na shanga, kila Ijumaa apigiwe ngoma, aonje mbele ya wageni na kupiga goti, na picha yake iwekwe mlangoni. Watu watakuja kwa ajili ya hilo. Sir Lefteri akasema hapana. Arbab akasema fikiria. Akasema amefikiria, yule si kikaragosi, na mvinyo wake si sarakasi. Arbab akasema basi ukurasa unatoka na wewe unatoka. Sir Lefteri akasema sawa. Hivyo tu, sawa. "Mimi wangeniambia nivae kitenge ningeongeza na njuga," akasema Nalubega. "Lakini wewe hawakukuambia kitu, nyabo. Wamekujadili kama friji."

Kesho yake nilikwenda kwenye kile chumba, sikugonga. Alikuwa anatoa chupa kwenye mbao na kuzifunga kwa magazeti ya Kiarabu. Nilifunga mlango nikasimama mbele ya boksi ili asipate pa kuweka mikono.

"Sir, hukuniuliza," nikasema.

Aliendelea kushika chupa. "Ningekuuliza, ungesema ndiyo."

"Ningesema ndiyo kwa sababu nilitaka. Nilisimama pale ukumbini watu wakanisikiliza. Unajua mimi nimesikilizwa mara ngapi?"

"Ungesema ndiyo ili mimi nibaki."

"Na wewe umesema hapana ili nani abaki?"

Alikuwa mwanamume wa miaka sitini na mbili, anajua kutofautisha zabibu za mlima na za bonde kwa harufu, na jibu lake likawa kuigeuza chupa na kusoma lebo. Aliinama akaniondoa kwenye boksi taratibu, kwa mkono begani, akaendelea kufunga chupa. Nami nikainama nikamsaidia, kwa sababu alikuwa anazifunga vibaya. Mwisho wa mwezi aliondoka mchana, nikiwa kwenye mvuke, na Nalubega ndiye aliyeniambia kwamba gari limeshaondoka.

Wafaransa wakaja na glasi zao kubwa, nikazifuta. Mvinyo wao ni mzuri, sina ugomvi nao. Mkataba ulipoisha nikarudi nyumbani. Miaka yote hii nimekuwa nikipanga maneno ya kumwambia, nikiamini kuna siku simu italia na itakuwa yeye, na nitamwambia kwamba alikuwa sahihi. Naijua Ijumaa ya tano ingekuwaje. Ngoma, shanga, walevi wanaopiga picha na kucheka, goti langu hili bovu likikunjwa kwa watoto wadogo wasiojua kwa nini linakunjwa. Nisingeweza tena kumpa mzee yeyote kinywaji bila kusikia ile ngoma. Aliliona hilo kabla yangu, akalipa kwa kazi yake, akarudi kwa dada yake bila ukurasa. Sijawahi kuheshimiwa hivyo na mwanamume, nikimhesabu na marehemu mume wangu.

Lakini ile hapana ilikuwa mali yangu. Ningeisema mwenyewe. Labda Ijumaa ya tano, labda ya kumi, ila ningeisema kwa mdomo wangu, katikati ya ukumbi, nikiwa nimeshika chupa yake, naye angekuwa amesimama nyuma yangu anaisikia. Zingekuwa Ijumaa kumi. Ningekuwa nimekaa naye Ijumaa kumi zaidi.